Chembe Zisizoshikana

Mumbua mwanangu,

Saa hizi ni saa tisa mchana na nyumba imenyamaza. Wewe na mama yako mmeenda kumuaga bibi yako, susu, nami nikasema nabaki kuangalia mbuzi, ingawa mbuzi wenyewe wamelala kwenye kivuli cha ghala na hawana haja na mtu. Nimebaki ili nikuandikie. Kesho asubuhi utapanda basi la Nairobi, jioni utapanda ndege, na ninajijua nilivyo. Pale kituoni nitakushika mkono, nitauliza kama umebeba cheti cha chanjo, basi. Mengine yatabaki ndani yangu kama yalivyobaki miaka hii yote.

Habari za koti zito, za chakula cha huko na za kuandika barua kila mwezi, mama yako amekwisha kukupa, na alizosahau shangazi zako wamezimalizia. Mimi nataka kukueleza jambo moja tu. Nataka kukueleza kwa nini nilitoka nje siku ile.

Unaikumbuka. Tulikuwa tumekaa mezani, mvua imetoka kunyesha na mabati bado yanadondoka. Ukasema, "Baba, wamenikubali. Nitafanya utafiti wa damu. Nitasoma pleteleti, na watu ambao pleteleti zao hazifanyi kazi." Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikaweka kikombe chini, nikatoka, nikasimama kwenye shamba la ndengu mpaka viatu vyangu vikajaa matope. Baadaye nilikusikia jikoni ukimuuliza mama yako, "Alitaka nisome sheria?" Naye akakujibu, "Muache. Yuko mbali."

Ni kweli nilikuwa mbali. Nilikuwa upande wa Kitui, katika maabara ya hospitali ya misheni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Unajua jina la kazi yangu, lakini sidhani unajua ilivyokuwa. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Jenereta iliwashwa jioni tu, kwa hiyo mchana tulifanya kazi kwa jua. Hadubini yetu ilikuwa na kioo kidogo cha duara chini yake. Unakigeuza taratibu mpaka kinase jua na kulipitisha katikati ya tone la damu. Wingu likipita, damu ilizimika. Nami nilibaki pale pale, jicho kwenye lenzi, nikitazama giza na kusikia njiwa juu ya paa, mpaka wingu liondoke. Kisha dunia ile ilirudi polepole: zile nyekundu za duara, nyingi zisizo na mwisho, zile nyeupe chache zenye moyo wa zambarau, na katikati yao kitu kama vumbi la unga linaloelea kwenye mwali wa jua. Vumbi hilo ndilo pleteleti. Mtu akikatwa, chembe hizo hukimbilia pale penye jeraha, zikashikana, zikaziba tundu. Hayo utayajua kuliko mimi. Mimi nilifundishwa jambo moja tu kuzihusu, nalo ni kuzihesabu.

Na nilipenda kuhesabu. Joto la saa saba likishatanda, wauguzi wakienda kula na wagonjwa wakisinzia kwenye mabenchi, nilikaa na kioo changu chenye mistari nikahesabu vumbi lile, mraba kwa mraba. Wakati mwingine sikujua kama niko macho au ninaota. Nilikuwa nimezaliwa kwenye nyumba ya nyasi, na sasa watu waliniletea damu zao niwaambie zilivyo. Niliamini hivyo kabisa, kwamba nikishahesabu nimeshajua.

Ndipo alipoletwa msichana mmoja aitwaye Nthenya.

Alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa shemasi wa kanisa kule Kyuso, mkulima wa ndengu na mfugaji. Katika ukoo wao, ndiye msichana wa kwanza kwenda shule ya bweni. Alifikishwa hospitali na mwalimu mkuu wake, kwa gari la shule, akiwa anatokwa na damu siku ya kumi na moja. Ilikuwa hedhi yake ya kwanza, Mumbua. Hakuna aliyemuuliza kama ilikuwa ya kwanza. Mama yake, ambaye angejua, alikuwa Kyuso, na Kyuso ni mbali.

Nilipomfunga mpira kwenye mkono ili nitoe damu, aliitazama sindano akasema kwa sauti ndogo, "Hapo ukidunga, patatoka damu mpaka jioni."

Nilicheka. "Haiwezekani. Bonyeza tu hii pamba."

Jioni nilipita wodini na karatasi zangu, nikaiona pamba ile. Ilikuwa nyekundu yote, na juu yake pamba nyingine, nayo nyekundu. Niliiona kwa macho yangu, nikapita.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Nilihesabu mara mbili, ikawa kama ya mtu mwenye afya. Nikaangalia na ile damu ya kidoleni niliyopaka kwenye kioo na kuitia rangi. Kwa kawaida, damu ya kidole ukiipaka, pleteleti hujikusanya makundi makundi, zimeegemeana, na ni shida kuzitenganisha kwa macho. Za Nthenya zilikuwa zimekaa moja moja. Kila moja peke yake, imejitenga na mwenzake, zimetawanyika safi kama nyota mwezi usipokuwapo. Sijawahi kuona damu nzuri namna ile. Unajua nilifikiri nini? Nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu zilikuwa rahisi kuhesabu. Nikaandika kwenye karatasi: *Kawaida.*

Mwalimu mkuu alinikuta ukumbini. Daktari wetu, Daktari Musyoka, alikuwa likizoni, na nadhani mwalimu yule alitafuta mtu yeyote mwenye koti jeupe.

"Kijana wa maabara," akaniita. "Huyu msichana damu yake iko na ugonjwa?"

"Hapana, madam. Damu yake haina shida."

"Una hakika?"

"Nimehesabu mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta. "Basi ametoa mimba," akasema. "Nilijua tu."

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na nilisikia kila neno. Nikatazama karatasi zangu kama mtu mwenye kazi nyingi.

Na ngoja nikueleze na hili, kwa sababu mama yako analijua na sitaki uje kulisikia kwa mwingine. Kabla ya kwenda nyumbani nilirudi wodini. Nthenya alikuwa amelala ameelekea ukutani, ameshika tumbo. Nikamuuliza kama anaumwa, akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na aspirini mfukoni, zangu za kichwa, nikampa mbili na maji. Alisema asante. Nilikwenda nyumbani nikijiona mtu mwema. Miaka mingi baadaye nilisoma kwenye kitabu kwamba aspirini huzifanya pleteleti zishindwe kazi yake siku nyingi, hata za mtu mzima wa afya. Na mimi nilimpa mtoto ambaye zake hazikuweza kitu tangu azaliwe. Hata huruma yangu ilikuwa ya mtu asiyejua.

Aliongezewa chupa ya damu, hedhi ikapungua yenyewe, akaruhusiwa. Shule ilikataa kumpokea. Barua ilitangulia Kyuso kabla yake, na Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya kanisa la baba yake, akatengwa. Ndani ya barua ile mwalimu alikuwa ameandika kwamba hospitali imempima na damu yake haina shida. Sentensi yangu. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na aliyeisoma ni baba yake.

Hayo yote sikuyajua wakati huo. Mimi niliendelea kuhesabu.

Utakumbuka ulipokuwa na miaka tisa ukatoka damu puani, ukicheza. Jambo dogo, kila mtoto hutoka. Lakini mimi nilikukamata, nikakukalisha kwenye kiti, nikakudunga kidole na kukipaka kwenye kioo, nawe unalia. Ulidhani ninakuadhibu kwa kupanda ukuta. Nilipanda baiskeli na kile kioo mfukoni, nikaenda mpaka kazini siku ya Jumapili, nikaivuta hadubini dirishani. Nikaziona zako zimeshikana, makundi makundi, zimerundikana kama watu waliotoka kanisani. Nilikaa pale nikalia. Kisha nikarudi nyumbani, na sikukueleza chochote. Ulininunia siku tatu. Ulikuwa na haki.

Basi, miezi saba baada ya barua ile, Nthenya alirudi, hedhi imekataa tena kukata. Alikuja juu ya lori la ndengu, amelazwa kwenye magunia, kichwa mapajani mwa mama yake, midomo imekuwa rangi ya majivu. Yule mama alishuka akiwa amekauka kwa vumbi, na kitu cha kwanza alichosema, kabla hata ya salamu, ni, "Nani hapa alimpima mtoto wangu?"

Nikasema ni mimi.

"Jino lake la kwanza lilipong'oka alitoka damu siku tatu," akaniambia. "Alipotobolewa masikio, wiki nzima. Akigongwa kidogo anavimba rangi ya samawati. Mimi ndiye nilimlea. Kwa nini hakuna mtu aliniuliza mimi?"

Nikaenda kuleta sindano. Swali hilo bado ninalo.

Nilichukua damu yake kidogo ili nimtafutie inayolingana ya kumwongezea. Nikaiweka kwenye kichupa chembamba cha kioo, nikakisimamisha kwenye kibao dirishani, pamoja na vya wagonjwa wengine wa siku hiyo. Kisha nikakaa, na sijui kama ni joto au ni woga, nikalala. Nililala kichwa kikiwa mezani, na katika usingizi ule niliona vumbi likianguka kutoka mbinguni bila kutua, likianguka tu, kila chembe peke yake. Nilijaribu kuzishika. Zilipita katikati ya vidole.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limezunguka na kuingia ndani ya vile vichupa. Vilikuwa vimewaka kama taa. Na hapo niliona.

Damu ikiachwa ndani ya kioo huganda, na baada ya saa moja au zaidi lile donge hujikunja, likajiondoa kwenye kuta za kioo, likabaki dogo katikati ya maji ya manjano. Huo ni mkono wa pleteleti: zimeshikana na zinavuta. Vichupa vyote vilikuwa hivyo, donge dogo jekundu ndani ya maji ya dhahabu. Kimoja tu kilikuwa kimejaa vile vile kama nilivyokiacha, donge limelegea, limekaa kama uji uliopoa. Nilisoma jina lililoandikwa kwenye plasta, ingawa nilikwisha kulijua.

Nilikuwa na sanduku la vioo vya zamani, kwa sababu nilipenda kutunza vitu. Nikakitafuta kile chake cha kwanza. Nikajidunga kidole, nikapaka changu, nikakitia rangi, nikakiweka chini ya hadubini kwanza. Wingu likapita. Sijawahi kungoja wingu namna ile. Jua liliporudi niliziona zangu, zimekumbatiana. Nikaweka cha Nthenya. Nyota zile zile, nzuri zile zile, moja moja. Zilikuwa zimeniambia mwanzo kabisa. Nilizihesabu zote na sikuzitazama hata moja.

Nilimwendea Daktari Musyoka na vioo vyote viwili mkononi. Alikuwa kijana, mkali kidogo, msomaji sana. Alitazama, akatazama tena.

"Hiki cha kwanza ni cha lini?"

"Cha miezi saba iliyopita, daktari."

"Na uliona hivi?"

"Niliona. Sikujua ni kitu."

Akavuta kitabu kikubwa, akafunua kurasa mpaka akafika mahali, akaweka kidole. Upo ugonjwa wa kuzaliwa nao, akasema, ambao pleteleti ni kamili kwa idadi lakini haziwezi kushikana. Ni wa nadra. Alikuwa hajauona kwa macho. Halafu akauliza, bila hasira, na ingekuwa afadhali kama angekuwa na hasira: "Na wewe uliandika nini?"

"Niliandika kawaida."

Alihitaji damu mbichi, iliyotoka kwa mtu saa ile ile, kwa sababu damu ya chupa iliyokaa kwenye barafu, pleteleti zake huwa zimekwisha kufa. Mpishi wa hospitali alilingana naye, na bawabu, na msichana mmoja mwanafunzi wa uuguzi. Walilala kwenye vitanda mmoja baada ya mwingine. Yangu haikulingana. Nilisikitika zaidi ya nilivyoonyesha.

Lakini hedhi yenyewe ilipaswa kusimamishwa, na dawa ya kuisimamisha ilikuwa vidonge vya kupanga uzazi. Hapo ndipo kila mtu alipotazama chini. Kamati ya hospitali ilikuwa imekataza vidonge hivyo kwa msichana yeyote asiye na mume, na huyu alikuwa ametengwa kanisani kwa kosa gani? Daktari alisema itabidi amuone mwenyekiti kwanza. Mwenyekiti alikuwa safarini mpaka Alhamisi.

Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyetoka upande wa Nyeri, hana mwaka tangu aje, Kikamba chake kikichekesha wagonjwa.  Alitoka, akaenda kliniki ya akina mama, akarudi na pakiti ndani ya mfuko wa aproni. Akamwinua Nthenya kichwa, akamnywesha, akamfuta mdomo. Kisha akatugeukia sisi wanaume wawili.

"Wakiuliza," akasema, "mseme ni Wanjiku."

Ndivyo nilivyomjua mama yako. Siku ya nne damu ilikata. Kamati ilimwita, ikamkaripia, akahamishiwa kufunga vidonda. Kwa miezi kadhaa tulikutana mlangoni mwa maabara tukizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye hakujua changu wala mimi chake, na mpaka leo ndicho nyumba yetu inachoongea, na ndicho ninachokuandikia.

Ningependa kukuambia kwamba nilikwenda Kyuso wiki iliyofuata. Sikwenda. Daktari aliandika barua shuleni, haikujibiwa. Kanisani hakuna aliyeandika. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno. Kisha nikajiambia mvua imeharibu barabara. Ukweli ni kwamba niliogopa koti langu. Niliogopa kwamba nikisema mbele ya watu nilikosea, hakuna mgonjwa atakayenipa tena mkono wake. Nthenya alikuwa nyumbani, hatoki damu, lakini Jumapili aliketi benchi la nyuma kabisa, lile la waliotengwa, na mimi nilikuwa nakula na kulala vizuri. Nilikawia miezi mitano, Mumbua. Katika yote niliyoyafanya, hiyo ndiyo ninayoiona nikiwa nimefumba macho. Lile la kwanza nililifanya kwa kutojua. Hili nililijua.

Mama yako ndiye aliyekomesha. Nilikuwa nimeanza kumwambia habari za ndoa. Akanisikiliza, akasema, "Yale maneno uliyasema kwa mdomo. Si karatasi iliyosema. Ukienda Kyuso, ukirudi, tutaongea mengine."

Nilikwenda. Kanisa lilikuwa la mabati, limejaa, watoto wamekaa sakafuni. Nilipopewa nafasi ya wageni nilisimama, na sauti yangu ikawa kama ya mtu mwingine aliye mbali. Nilisema mimi ndiye niliyepima damu ya Nthenya. Nilisema damu yake ina ugonjwa wa kuzaliwa nao, haikutoka kwa sababu ya mimba, yeye hakuwahi kuwa na mimba, na mimi niliona dalili nikaandika ni kawaida. Nje, mbuzi fulani alikuwa akilia.

Baba yake, yule shemasi, aliinuka mbele. Alikuwa mrefu, amevaa koti la suti lililopauka mabegani.

"Kwanza ulisema haina shida," akasema. "Leo unasema iko na shida. Sisi tutajuaje ni neno gani la kushika?"

 Aliyejibu ni mke wake, kutoka upande wa wanawake, bila kusimama.

"Mimi najua ni lipi," akasema. "Nilikuambia tangu mwanzo. Hukunisikia kwa sababu sina koti jeupe."

 Yule mzee akatoka mahali pake pa mashemasi, akatembea katikati ya watu mpaka nyuma kabisa, akaketi kwenye lile benchi kando ya binti yake. Hakumshika. Aliketi tu, na akakaa pale mpaka ibada ikaisha. Nthenya alikuwa anatazama mbele. Mimi hakunitazama hata mara moja.

Walimrudisha kwenye ushirika. Shuleni hakurudi; alikuwa amepitwa na wenzake, na aliogopa watu wa kule. Hilo sikuweza kulirekebisha, na sitakudanganya kwamba lilirekebishwa na kitu kingine.

Nimekuwa nikifikiri ni nini cha kukupa kutoka katika haya, kwa sababu kwa vitabu umenipita zamani. Labda ni hiki tu. Yule mwalimu mkuu aliponiuliza ukumbini, ningeweza kusema, "Sijaona shida." Ingekuwa kweli. Nilisema, "Haina shida." Tofauti ni ndogo, mtu hawezi kuisikia akiwa na haraka. Lakini katikati ya maneno hayo mawili msichana alipoteza shule. Utakwenda mahali penye mashine zinazohesabu zenyewe, mawingu hayazihusu. Zitakupa nambari nzuri. Kutakuwa na mchana utakaochoka, na mtu atasimama mlangoni akitaka neno moja aondoke nalo. Siwezi kukuambia utakosea au hutakosea. Mimi nimekosea baada ya hapo pia, mara kadhaa. Ila sikukawia tena miezi mitano.

Nimebakiza moja. Mwezi uliopita, niliposema naenda Kibwezi kutazama mbegu za vitunguu, sikwenda kutazama mbegu. Nthenya anaishi huko, karibu na mto. Aliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, akalea watoto wake wawili. Wa kwake hakuzaa. Madaktari walimkataza, naye alisema hakuwa na hamu ya kufa. Nilimkuta shambani akifungulia maji mifereji ya vitunguu, amevaa soksi ndefu mikononi mpaka viwikoni ili asichubuke. Alinijua mara moja. Hatukuwa tumeongea, sisi wawili, tangu nilipompa zile aspirini.

Nilimwambia nina binti, na kwamba anakwenda ng'ambo kusoma ugonjwa wake.

Alifikiri, akageuza maji yaingie mfereji mwingine. "Huko kuna watu wengine kama mimi?"

"Wapo. Wachache."

"Na wao walifukuzwa shule?"

Nikasema sijui. Akacheka kidogo, cheko lisilo na uchungu wala msamaha, la mtu aliyesikia habari ya mbali. Tulisimama tukitazama maji yakitembea katikati ya vitunguu. Yalikuwa yanakwenda polepole sana, yanajaza kila shimo dogo kabla ya kuendelea. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Nilikuwa nimegeuka kwenda barabarani aliponiita.

"Huyo binti yako. Atahitaji damu ya mtu kama mimi?"

"Siku moja, labda. Kwa utafiti."

Akavuta ile soksi chini, taratibu, akautazama mkono wake kwa ndani, pale mshipa ulipo.

"Nitampa," akasema. "Lakini asimtume mtu. Aje mwenyewe, akae chini, aniulize."

Nawasikia mkirudi; mama yako anakucheka kwa jambo fulani pale kwenye miti. Acha nikunje karatasi hii kabla hujaingia.

Baba yako.